Kuing'oa Laptop ya Meneja

Mwaka wa 1998 kiwanda cha chai kilipata laptop, na kufikia Mei laptop hiyo ilikuwa imempatia Adoyo barua mbili za onyo. Ya tatu, kwa sheria ya kiwanda hicho kilichokuwa juu kidogo ya Chepseon, ingemtoa kwenye kiti cha karani wa meneja na kumrudisha kituoni kupima majani ya chai ya wakulima kwenye mvua, kazi aliyoifanya miaka minne mpaka magoti yakaanza kumdai. Ingemtoa pia kwenye nyumba ya kiwanda yenye vyumba viwili, alimokaa na watoto wake tangu watoke Homa Bay. Adoyo aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Makosa yenyewe yalikuwa haya. Mezani kwa meneja, Bwana Kipkosgei, kulikuwa na kitako cha plastiki chenye nyaya zote: ya skrini kubwa, ya kibodi, ya printa. Laptop ilipachikwa juu yake ikiwa imefungwa, na Adoyo akachapa ripoti akitazama skrini kubwa. Siku ya mkutano wa wakurugenzi, meneja alitaka kuing'oa kitakoni ripoti ikiwa wazi na kupanda nayo ghorofani, asije akaonekana akingoja mashine iamke mbele ya wakurugenzi hao, wakulima waliomwajiri. Mara mbili aliing'oa, mara mbili akaifungua mbele yao, na mara mbili ikawaonyesha giza totoro. Ukibonyeza, kimya. Ikabidi izimwe kwa nguvu, na ripoti ikapotea.

"Adoyo, umefanyia nini hii kitu?" meneja aliuliza mara zote mbili. Anayeandika ndiye anayeharibu. Hilo halikuhitaji uchunguzi.

Na mashine yenyewe ilikuwa na shahidi. Tangu siku ya kwanza, aliyesimamia kung'olewa kwake alikuwa fundi mkuu, mzee Chepyegon. Mzee huyu alikuwa na sheria moja iliyookoa mikono mingi: hakuna kitu kinachotolewa kwenye mashine kabla swichi kubwa haijashushwa. Alikuwapo rola za kusaga majani zilipomshika mtu mwaka wa 1974, na tangu hapo ukigusa mashine inayotembea, hata kwa kuipangusa vumbi, unaandikiwa barua. Kwa hiyo alikuja na tochi yake, akashusha swichi ya ofisi nzima, akatangaza, "Imelala. Toa." Rola, alieleza, ukiizima na majani ndani, ukiiwasha inaendelea palepale. Nani angebisha? Ndivyo ilivyokuwa kiwanda kizima. Giza likitokea, basi ni maandishi ya Adoyo.

Alhamisi, mkutano mwingine ukiwa kesho yake, walifanya mazoezi. Swichi ikashushwa, laptop ikang'olewa, giza. Meneja hakufoka.

"Kesho ikikataa tena," alisema, "ujiandikie barua. Mimi nitasaini."

Saa ya chakula Adoyo alifungua droo ya meneja, akatoa kijitabu kilichokuja na laptop. Kilikuwa bado ndani ya nailoni. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema yote. Laptop ina betri yake, na si betri ya kuwashia tu kama ya Land Rover. Umeme wa ukutani ukikatika, yenyewe inaendelea na kazi kama kawaida. Iking'olewa hivyo, inazidi kupeleka picha kwenye skrini kubwa iliyoachwa chini, kisha inakwama. Inataka iambiwe kwanza: ubonyeze Start, uchague Eject PC, ungoje ikujibu kwamba sasa inaweza kutoka. Adoyo alisoma mara tatu na hasira ikampanda. Barua mbili, kwa sababu watu wazima wawili hawakujua kuaga!

Alimpelekea Chepyegon kijitabu kule kwenye rola. Mzee akafuta mikono, akatazama picha, akakirudisha.

"Mama, mashine haiombwi ruhusa. Inazimwa."

Meneja naye akasema, "Hiyo ni maneno ya fundi. Ongea na yeye."

Ijumaa, saa nne kasorobo asubuhi, meneja akiwa chooni akinyoosha tai, Adoyo alikalia kiti cha bosi na kubonyeza alivyoagizwa na kijitabu. Mashine ikafikiri. Ikajibu kwamba iko tayari. Akarudi kusimama mlangoni, mikono nyuma.

Chepyegon aliingia, akashusha swichi. Taa zikafa, skrini kubwa ikafa, na kwa kuwa nje kulikuwa na ukungu, ofisi ikaingia kiza. Mzee akainama kukagua. Akabaki ameinama. Ubavuni mwa laptop palikuwa na kitaa cha kijani, kidogo kama punje ya wimbi, kikiwaka. Safari hii hakusema imelala. Meneja hakungoja kuambiwa. Aliing'oa, akapanda nayo mbio, fundi na Adoyo wakimfuata.

Ghorofani laptop ikafunguliwa, na chati za majani ya Aprili zikajitokeza, za kijani na nyekundu. Wakurugenzi wakapiga makofi. Meneja, kwa furaha, akamshika fundi bega.

"Ni huyu mzee. Yeye ndiye anajua hizi mashine."

Chepyegon akavua kofia. "Hapana," alisema. "Mimi nimeshusha swichi na hii kitu haikuzimika. Hata zile siku zingine, tuling'oa ikitembea." Akageuka kumtazama Adoyo, aliyekuwa akimimina chai. "Huyu mama alikuja kuniambia. Nikamfukuza."

Mwenyekiti akauliza kama chai ina sukari.

Alasiri meneja alizichana barua mbili za Adoyo na kusema pole kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Adoyo akaipokea hivyohivyo. Pole ni pole.

Saa kumi Chepyegon alimkuta Adoyo mezani penye laptop.

"Andika barua."

"Ya nani, mzee?"

"Yangu. Ya onyo. Kugusa mashine ikitembea. Nimeandikia watu wengi hiyo makosa, hata mtoto wa dada yangu."

"Meneja amesema?"

"Sheria imesema. Andika tatu. Mikutano miwili na jana, mimi ndiye nilisema itolewe."

Fundi mkuu hakuwa na kituo cha kurudishwa. Barua tatu zingempeleka nyumbani, na pensheni ilikuwa imebakiza miaka miwili. Adoyo alimtazama. Tangu barua ya kwanza alikuwa amemchukia mzee huyu kwa moyo wote, na sasa alijaribu kuendelea kumchukia, akashindwa. Akaandika moja, akaichapa, akampa. Chepyegon akaisoma hadi mwisho, akatia sahihi, kisha akanyoosha mkono kungoja zingine.

"Hii mashine inatoa moja tu, mzee," Adoyo akasema. "Moja kwa mtu."

Chepyegon aliitazama printa, akaitazama laptop, kisha akamtazama Adoyo.

"Imeandikwa kwa kitabu?"

"Ukurasa wa thelathini na mbili."

"Basi," alisema mzee, akivaa kofia, "kama imeandikwa."