Gari la Midomo Miwili

Ndoto hii niliiota mchana, jua likiwa bado kali, na ninawasimulia kama ilivyonijia. Siku hiyo nilitoka mjini roho imechafuka. Dada mmoja muuza magari, Jesca, alikuwa amenipakia kwenye gari kubwa jipya, lile linalokunywa petroli na pia kuchajiwa umeme ukutani kama simu. Ubavuni limeandikwa GARI LA MAJARIBIO. Mimi niliyeishia darasa la nne nikasoma MAJARIBU, nikapanda nikinong'ona sala. “Baba, ni kujaribu tu,” Jesca akacheka. Nililitaka gari lile. Mke wangu Eufrasia alinifia mikononi miaka mitatu iliyopita kwa sababu gari la wagonjwa lilikosa mafuta, na wakubwa wanaogawa mafuta hayo hata msibani hawakutia mguu. Niliapa sitakwama tena. Kesho ningetia sahihi, shamba la migomba la marehemu liende, gari lije. Nikakaa barazani, karatasi ya mauzo ya shamba mapajani, usingizi ukanichukua.

Nikajiona nimeshika usukani wa gari lilelile, katika nchi ambayo kando ya barabara wamepanda mabango badala ya miti, na kila bango lina uso unaotabasamu na kugeuka kututazama tukishapita. Kushoto kwangu ameketi Ahadi, mwanamke mwenye sauti ya asali, nguo zake mpya zote bado zina karatasi za dukani. Nyuma ameketi Lawama, jitu nene lililokididimiza kiti, na sikuhitaji kutambulishwa, maana tangu mazishi tunalala chumba kimoja. Gari likateleza bila mngurumo. “Hapo linakula umeme, baba,” Ahadi akasema. “Husikii hata sauti.”

“Hilo ndilo linalonitisha. Mbuzi wangu naye hatoi sauti akiwa kwenye mahindi ya watu. Umeme ukikatika je?”

“Linakunywa petroli.”

“Petroli ikiadimika?”

“Unachaji.”

“Na vikikosekana vyote siku moja, kama kwetu?”

Ahadi akaurekebisha mkufu wake, akatazama dirishani. Lawama akabweka kutoka nyuma, “Wakubwa! Wakubwa ndio waliomuua!” Nami nikaitikia, “Wakubwa!” Kila tulipopiga kelele mshale wa chaji ukashuka, na wa petroli ukaufuata, mpaka mlimani gari likaanza kukohoa.

Hapo akasimama mbele yetu mama mwembamba, macho makali kama ya mkaguzi wa tiketi. “Mimi Shaka,” akasema, akaingia bila kukaribishwa, Ahadi akasogea mlangoni. “Mwanangu, umenituma kila mahali. Umenituma kwa daktari nikampekue, kwa wakubwa, leo kwa huyu binti wa magari. Kazi nimeifanya, wala sikatai kwamba wengine niliwakuta na makosa. Lakini kuna nyumba moja hujanituma hata siku moja, nayo ni yako.” Akanyoosha kidole. Kumbe mlima ule ulikuwa mtaa wetu, na siku ni ileile ya Eufrasia. “Lile gari uani kwa jirani ni la nani?”

“La Mloka.”

“Lilikuwa na mafuta?”

“Alikuwa amerudi nalo kutoka sokoni muda uleule.”

“Ulibisha hodi?”

Nikasema tulikuwa tumegombana juu ya mfereji wa mpakani. Nikasema angenicheka. Nikasema nilijua angekataa. “Ulijuaje?” Shaka akauliza taratibu. Nikageuka kwa Lawama anisaidie, nikamkuta amenywea kama kibofu kilichotobolewa, ananitazama kwa uso wangu mwenyewe.

Niliamka jasho linanitiririka. Wakubwa wana la kujibu, wala sijawafutia. Ila nilielewa kwamba nilitaka kuuza jasho la mke wangu ninunue gari, ili tu nisije nikalazimika kumwomba mtu. Karatasi nikaichana. Nikauruka mfereji, nikagonga mlango ambao sijaugonga miaka.

Mloka akatoka mbio, kifua wazi, funguo za gari tayari mkononi. “Kobelo! Nani anaumwa?”

“Hakuna,” nikamwambia. “Nimechelewa tu.”