Nusu Yako, Nusu Yangu

...kumi na tano, ishirini, na muuguzi anavisukuma vidonge kwa kijiko bapa cha plastiki, vitano vitano, kutoka upande huu wa kisahani kwenda ule, naye fundi rangi amekaa mbele yake, mikono katikati ya magoti kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, anajiambia tulia wewe, vitatimia, lazima vitimie, chupa ilikuwa na tisini, siku ishirini na nane mara mbili ni hamsini na sita, vinabaki thelathini na vinne, hesabu hiyo hata ukimwamsha usingizini anakutajia, na hata visipotimia hakuna kidonge chenye mdomo wa kusema mimi nimetoka chupa ya nani... vyote njano, vyote mviringo, vyote vina mstari katikati, na ndiyo maana ya utafiti wenyewe, alielezwa kwenye meza hii hii miezi minne iliyopita, na muuguzi huyu huyu, kwa sauti ya upole ya mtu anayejua kwamba nusu ya anayoyasema haiingii, "Baba, dripu mtapata wote, hiyo ndiyo tiba ya kawaida ya saratani ya mapafu, hakuna anayenyimwa. Juu ya dripu kuna kidonge. Wengine watapata chenye dawa mpya, wengine watapata kinachofanana nacho lakini ndani hamna kitu. Kompyuta ndiyo inayochagua. Mimi sijui, daktari hajui, na wewe hutajua," naye akatikisa kichwa kama ameelewa, akatia saini, kumbe akili yake ilikuwa kwa hiyo kompyuta, anajiuliza kama imewahi kukohoa hata siku moja.

"Ulisahau kumeza siku yoyote?" Hapana, sista. "Kutapika?" Hapana. "Upele?" na hapo mkono ukapanda wenyewe shingoni, "Kidogo tu, huku nyuma, unakuja na kuondoka," na muuguzi akaandika kwa uso mkavu, kwa sababu haruhusiwi kufurahi wala kusikitika, akarudi kwenye kisahani, aah, nilikuwa wapi, akavirudisha vidonge vyote upande wa kwanza na kuanza upya, tano, kumi... na nje kwenye korido kikohozi, kile chenye mluzi mwishoni, cha Posta, mwenzake wa dripu, angekitambua hata sokoni, watu kumi wamekaa kwenye lile benchi na wote wanakohoa lakini kile ni cha Posta, anasubiri zamu yake na chupa yake ndani ya mfuko wa karatasi, na picha yake ya kifua bado hajasomewa, ya fundi rangi imeshasomwa, nusu saa iliyopita daktari aligeuza kompyuta ili na yeye aone, akaonyesha kwa kalamu, "Kivimbe kimepungua, baba, kimepungua vizuri sana," na mtu mwingine angeruka, angempigia mama watoto simu pale pale, yeye alitoa macho kwenye ule weupe na kuuliza, "Hiki ni kifua changu?" na daktari akacheka, akadhani ni utani.

Haukuwa utani. Alikuwa hajui kweli kilicho chake ni kipi, na sasa hajui hata afurahi kwa niaba ya nani, maana kama dawa ilikuwa kwenye chupa yake, basi miezi mitatu amekuwa akimpa mwenzake nusu ya uhai wake na haujamfaa, angalia anavyokohoa, na kama ilikuwa kwenye chupa ya Posta... hapana, ngoja, pengine ni dripu tu, dripu nayo ni dawa, jirani wa nyumbani kwao mama watoto alipona kwa dripu tupu bila utafiti wala kidonge, na pengine Posta naye kimepungua, nani kasema hakijapungua, mtu anaweza kukohoa huku anapona, si walisema hivyo, au walisema kinyume chake, karatasi walizompa zilikuwa kurasa kumi na nane na alizisoma mpaka ya tatu... ishirini, ishirini na tano. Posta. Jina lake halisi limo kwenye mafaili lakini hapa hakuna anayelitumia, alipeleka barua miaka thelathini na moja kwa miguu na kwa baiskeli, siku ya kwanza kwenye viti vya dripu alimgeukia na sindano mkononi akamwambia, "Wewe umechafuka kucha, ama ni makanika ama umemuua mtu," naye akajibu kwamba ni fundi rangi wa magari, na Posta akasema basi nitakuita Rangi, na toka siku hiyo hakuna dripu iliyokuwa ndefu, saa nne zinaisha wanachekeshana, Posta akimsimulia mbwa wote waliowahi kumng'ata kwa mpangilio wa mitaa, na fundi rangi, ambaye nyumbani anasemwa kwa uchoyo wa maneno, akajikuta akiongea, akamweleza hata yale asiyomweleza mkewe, kwamba anaogopa, kwamba anapoogopa anahesabu pumzi zake.

Na nani alitoa wazo la kugawana? Yeye. Hilo analo, halikwepeki, ilikuwa kwenye kituo cha basi nje ya geti baada ya kupewa chupa ya pili, akasema, "Posta, sikiliza, mmoja wetu anameza hewa. Inawezekana ni wewe, inawezekana ni mimi. Tukigawana, kila mtu ana uhakika wa nusu," na wakati anasema alijiona mtu mwema, kifua kilimpanda, aliporudi nyumbani alikula kuliko siku zote, arobaini na tano vyako kwangu, arobaini na tano vyangu kwako, vichanganye, tikisa, hata Mungu akitaka kuvitenganisha itabidi avae miwani, hivyo ndivyo Posta alivyosema, na wakacheka mpaka kikohozi kikawashika wote wawili na mwanamke mmoja pale kituoni akasogea mbali.

"Baba, unajisikia vizuri? Unatoka jasho."

"Joto tu, sista."

Joto gani na feni inazunguka... tikisa, changanya, na yeye kati ya watu wote duniani, yeye ambaye kule karakana ana vipande viwili vya bati juu ya paa tangu mwaka juzi, kimoja kimepakwa ile rangi ya chini ya aina mpya, kingine cha zamani, vinanyeshewa na kupigwa jua pamoja, ili ajue kipi kitashika kutu kwanza, na siku mwenye karakana alipopanda akavipaka vyote viwili rangi iliyobaki kwenye kopo, eti vilikuwa vinaonekana vibaya, alimkasirikia wiki nzima, alimwambia umenipotezea miaka miwili, sasa nitawaambia nini wateja, rangi ipi nzuri, mtu mzima anapiga kelele kwa ajili ya bati, na hapa amefanya hivyo hivyo kwa vifua vya watu, kwa huyu sista anayehesabu kwa uaminifu, kwa wote watakaokuja baadaye kukaa kwenye kiti hiki na kuulizwa je hii dawa inafaa, na daktari atafungua daftari lake, na ndani ya daftari kuna Rangi na Posta, wawili waliojaza fomu vizuri, wasiosahau siku hata moja, waongo wakubwa. Aseme basi. Aseme sasa hivi, sista, tulichanganya. Na akishasema watatolewa, wote wawili, ukurasa wa pili ulisema hivyo, huo aliusoma, mshiriki asiyefuata masharti anaweza kuondolewa, na akiondolewa hakuna chupa, na kivimbe kilichopungua kinaweza kuamua kurudi, na mjukuu wake ana miezi saba na ndiyo kwanza ameanza kumtambua... Au asiseme, lakini leo pale kituoni aikatae mikono ya Posta, amwambie kila mtu ameze vyake sasa, imetosha. Hilo halimtoi mtu, halimharibii mtu, ni jepesi kabisa, na mbona kila akifika kwenye hilo neno, kila mtu ameze vyake, anahisi kama anachungulia kisima?

Kwa sababu unajua. Unajua vidonge vyako ni vipi, acha kujitia hamnazo. Upele. Wiki ya pili ya chupa ya kwanza, kabla ya kugawana chochote, Posta alikuja kwenye dripu na uso umejaa vipele kama kijana wa kidato cha pili, mashavuni, puani, akasema mke wangu anadhani nimebalehe upya, Rangi, ameanza kunichunga, na viti vyote vikacheka, na fundi rangi akacheka pia, na jioni ile alisimama mbele ya kioo cha bafuni akawasha taa akajikagua shingo, mashavu, mgongo kwa kioo kidogo cha kunyolea, hamna kitu, ngozi safi, ngozi ya mtu mwenye afya, na akalia, alilia kwa kuwa na ngozi safi, alifungulia bomba mama watoto asisikie. Wiki mbili baadaye akawa mtu mwema kituoni. Inawezekana ni wewe, inawezekana ni mimi. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mtu ambaye kila dripu anamshikia kiti, alimnyang'anya nusu ya dawa akaiita kugawana, na upele ukaanza kumtoka yeye shingoni mwezi uliofuata, na wa Posta ukapungua, na mluzi ukaongezeka, naye aliuona, aliusikia, na kila mwezi alinyoosha viganja tena. Basi, umelisema. Angalau ndani ya kichwa umelisema. Mwizi. Ingawa upele unaweza kuwa wa sabuni, sista mwenyewe alisema unaweza kuwa wa sabuni, ile siku... ile siku...

Ile siku Posta alikuwepo. Walikuwa wameingizwa wawili wawili kupewa maelezo kwa sababu chumba kingine kilikuwa kinapigwa deki, Posta alikaa hapo, kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa kwa waya, na sista aliposema dawa hii mpya inaweza kuleta upele usoni, hakuwa yeye aliyeuliza, yeye alikuwa amepotelea kwenye kompyuta isiyokohoa, ni Posta, Posta ndiye aliyenyoosha kidole, "Kwa hiyo sista, ukijiona una upele ujue umeipata?" na sista, "Sijasema hivyo, baba, unaweza kuwa wa sabuni," na Posta akamgeukia yeye na kumkonyeza. Aliuliza mwenyewe. Alijua kabla hata uso haujamtoka. Alijua akiwa anachekesha watu kuhusu kubalehe, na alijua pale kituoni, Rangi alipokuwa anazungusha maneno yake mmoja wetu anameza hewa, alimwacha amalize, hakumkata kauli, hakuuliza hata swali moja, mtu anayeuliza kila kitu, akafungua kifuniko na kumimina vyake kwanza. Vyake kwanza, nusu yako, nusu yangu, na macho yalikuwa kwenye vidonge visianguke.

Mwizi angerudisha alichoiba. Hiki hakikuibwa, alipewa, alipewa na mtu aliyekuwa anajua anatoa nini na anampa nani, na miezi mitatu yote amekaa kando yake akisikiliza habari za mbwa, akijiona yeye ndiye mwenye siri.

"Sista," anasema, na sauti inamtoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Ngoja, baba, utanipoteza tena," muuguzi anasema bila kuinua kichwa, na kwenye korido Posta anakohoa, anavuta pumzi, anamwambia mtu jambo fulani na benchi zima linacheka, na kijiko kinasukuma vingine vitano.