Neno la Kurudi Nyuma

Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mtu mwingine, ampende asimpende. Asubuhi ile nilikuwa mdomo wa bwana mmoja aliyenichefua tangu alipoketi: suti imenyooka, tabasamu halimtoki, Kiingereza kitupu. Mtalaka wake, fundi cherehani, alikuwa akiomba mahakama imzuie asimfuatefuate. Hakimu angekataa, wawili hao wangetoka kwa mlango mmoja, bila wa kumzuia bwana.

"Nimfuate wa nini?" bwana akasema kupitia kwangu. Kisha akaongeza neno moja zito: abhor.

Nikakwama. "Namchukia" lilikuwa jepesi mno.

"Mkalimani, umelala?" hakimu akauliza.

"Samahani, mheshimiwa. Hili ni zaidi ya chuki. Asili yake ni Kilatini: mwili kusisimka ukarudi nyuma."

"Basi liseme hivyo."

Nikamgeukia hakimu. "Mimi mwanamke huyu ananitia kinyaa. Nikimwona mwili unanisisimka, narudi nyuma."

Hakimu akaitikia kwa kichwa, taratibu. Nilikuwa nimempa yule shetani utetezi mzuri kuliko wakili yeyote. Anayerudi nyuma atamfuataje mtu?

"Kaka," fundi akaniambia, "neno hilo la Kiingereza nalijua. Bwana huyu hunitamkia kila jioni mlangoni pa duka langu." Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, naomba aliseme hapa, akinitazama mimi."

Hakimu akaruhusu, nikamtafsiria bwana. Fundi akasimama. Bwana naye akainuka, akafunga kifungo cha koti, akalisema.

Akasogea hatua moja. Fundi akarudi nyuma. Bwana akalirudia, chini chini, akaizunguka meza. Alikuwa ametusahau wote. Fundi akarudi tena mpaka mgongo ukagonga ukuta, na kutoka nilipokaa niliona vinyweleo vya mikono yake vimesimama wima. Askari akaruka, akamtia bwana mkono kifuani.

"Mkalimani," hakimu akasema, kalamu tayari mkononi, "mwambie bwana kwamba nimemwona anayerudi nyuma. Asimkaribie tena, dukani wala nyumbani."

Nikamtafsiria polepole, nikiona raha isiyoruhusiwa kazini kwangu. Fundi hakutusikia. Alikuwa bado ameegemea ukuta, analia kwa kwikwi, na hakuna aliyemharakisha.