Mtoto wa Mwenye Duka

Duka la Danieli Shemhina lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, pale Kwemtindi, juu ya Soni, barabara inapokata kona kabla ya kufika kanisani. Aliuza chumvi, mafuta ya taa, sabuni ya mche, viberiti, na sukari ikipatikana. Alikuwa Mlutheri wa kushika saa, mtu asiyecheka ovyo, na watu walimheshimu kuliko walivyompenda. Mwaka sukari ilipoadimika aliwauzia kwanza ndugu wa mkewe, wengine akawaambia imekwisha. Milimani jambo kama hilo halisahauliki.

Mwaka wa sabini na sita ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yakafungwa, likafunguliwa duka la kijiji kwenye ghala la zamani la mboga. Danieli hakubisha. Alitoa rafu zake akazipasua kuni, akashika jembe, akaingia kwenye kabichi kama wanaume wenzake. Mkewe Klara alisema kwamba afadhali sasa, angalau watalala bila kugongewa mlango na mtu anayetaka kiberiti. Walidhani mambo yameishia hapo.

Binti yao Raheli alikuwa darasa la sita. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na tangu darasa la kwanza alikuwa akikaa dawati moja na Secilia, mtoto wa jirani. Walikwenda shule pamoja, wakarudi pamoja, na kwenye mchezo wa rede walikuwa upande mmoja siku zote.

Siku moja katika somo la siasa, Mwalimu Leonard alisimama mbele ya darasa. Alikuwa kijana kutoka Tanga, bado mgeni wa baridi ya milimani, mwenye bidii na kazi yake.

"Mnyonyaji ni mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake," alisema. "Nani atanipa mfano?"

"Mkoloni!" darasa likajibu.

"Mkoloni ameshaondoka. Nataka mfano wa hapahapa kwetu."

Yunis akanyoosha kidole. Yunis alikuwa kiranja wa wasichana, mwimbaji wa mbele katika kwaya ya shule, mtoto wa mjane aliyeitwa Selina.

"Danieli mwenye duka, mwalimu. Baba yake Raheli."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Leonard naye akatabasamu, akageukia ubao. "Tusitaje watu kwa majina," alisema huku akiandika. "Lakini somo umelielewa. Mpigieni makofi."

Wakapiga makofi. Secilia naye alipiga, polepole, akiangalia dawati.

Yunis alikuwa na sababu yake. Wakati wa matanga ya baba yake alitumwa dukani kutafuta sukari ya chai ya wafiwa. Danieli alimwambia imekwisha. Jioni ileile akamwona shemeji yake Danieli akipita na mfuko wa sukari kichwani. Hakumwambia mtu siku ile. Sasa alikuwa amepewa neno la kutilia hasira yake, tena amepewa na mwalimu, mbele ya watu.

Kuanzia hapo Raheli aliitwa Kupe. Kwanza wasichana wachache, halafu darasa lote, halafu hata watoto wa darasa la pili waliokuwa hawajui maana yake. Bua la jani la boga lina tundu katikati. Watoto walikuwa wakilikata kuwa mrija wa kunywea maji kijitoni. Sasa wakaanza kuja na mirija hiyo darasani. Raheli akiinama kuandika, anahisi kitu cha ubaridi shingoni, na nyuma yake mtu anafyonza, *fyuu*, kama anayekunywa. Akigeuka, kila mtu anasoma.

Wiki moja baadaye Secilia alikusanya madaftari yake.

"Unakwenda wapi?" Raheli akamuuliza.

"Nakwenda kukaa na Mwanamisi."

"Nimekufanya nini?"

"Hujanifanya kitu." Secilia alikuwa karibu kulia. "Wanasema wewe ni kupe na mimi ndiye ng'ombe wako. Raheli, mimi siwezi."

Mwezi wa sita ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, na watoto waliokuwa na sweta walizivaa. Ya Raheli ilikuwa ya bluu, mama yake aliifuma mwenyewe. Siku ya kazi ya shamba la shule, aliivua ili alime vizuri, akaitundika kwenye mti. Alipoitazama tena, Yunis alikuwa ameivaa.

"Nipe sweta yangu, Yunis."

"Yako?" Yunis aliwageukia wenzake. "Jamani, hii mali ya nani?"

"Mali ya umma!" wakaitikia.

"Tumeitaifisha," Yunis akasema.

Wakaivaa kwa zamu, mmoja anavua, mwingine anavaa, wakicheka, wakipita mbele yake na jembe begani. Na ilionekana wazi kwamba baadhi yao walikuwa wanasikia baridi kwelikweli. Wengi hawakuwa na sweta hata moja. Raheli aliliona hilo, na likamzidishia uchungu kwa sababu hakujua aseme nini juu yake. Chakula chake, makande aliyofungiwa kwenye jani la mgomba, alikikuta kimemwagwa kwenye tuta. Akarudi nyumbani anatetemeka.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Mwalimu Leonard. Mwalimu akamwita Yunis.

"Tulikuwa tunacheza tu, mwalimu," Yunis akasema, mikono nyuma, kwa adabu kamili.

Mwalimu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mrudishie. Na wewe Raheli, jifunze kuchangamana na wenzako. Usijitenge."

Sweta ilirudishwa ikiwa na mkono mmoja uliofumuka. Baada ya hapo hakuna aliyemsemesha tena. Akiuliza swali, hajibiwi. Kwenye rede akisimama upande huu, upande huu unahamia ule. Ilikuwa afadhali walipokuwa wakimfyonzea.

Klara alipoona ile sweta alimkalisha bintiye jikoni mpaka akasema yote. Asubuhi alijifunga khanga akaenda kwa mwalimu mkuu, mzee mwenye nywele nyeupe aliyemfahamu tangu kipaimara chake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Raheli. Karibu."

Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Mama, haya ni mambo ya watoto, yatapita. Lakini nikuambie kama ndugu. Wakati huu si vizuri jina la Danieli lisikike sana. Mkilalamika, kuna watakaosema mwenye duka bado anataka mtoto wake aogopwe. Unanielewa?"

"Nakuelewa," Klara akasema. Alielewa vizuri sana, ndiyo maana alipofika nyumbani hakumwambia mumewe hata nusu.

Raheli mwenyewe ndiye aliyemwendea baba yake shambani. Danieli alikuwa anang'oa magugu kwenye kabichi, suruali imelowa magotini.

"Baba," alisema, "ni kweli uliwanyonya watu?"

Danieli hakuinua kichwa mara moja. Walizoea kuzungumza Kishambaa nyumbani, lakini Raheli alikuwa ameuliza kwa Kiswahili, kwa maneno ya shule.

"Nilinunua, nikauza," akasema. "Kulikuwa na nauli ya lori. Kulikuwa na vitu vinavyooza, vinavyomwagika. Nilikuwa naongeza kidogo ili tule."

"Na ile sukari?"

Baba yake akang'oa gugu jingine, akalikung'uta udongo, akaliweka pembeni juu ya mengine.

"Vumilia, mwanangu," akasema mwishowe. "Watu huchoka."

Lakini hawakuchoka. Saba Saba ilipokaribia, shule iliandaa ngonjera na mchezo wa kuigiza mbele ya kijiji. Mwalimu Leonard aliutunga mwenyewe: wakulima wanaamka, wanamfukuza mnyonyaji, wanaimba. Alipofika kwenye kugawa nafasi, macho yake yalitua kwa Raheli aliyekaa peke yake kwenye dawati la watu wawili. Huenda aliona huruma. Alisema baadaye, na pengine alikuwa mkweli, kwamba alitaka kumrudisha kundini.

"Raheli utakuwa mnyonyaji. Ni nafasi kubwa hiyo, ina maneno mengi."

Darasa likashangilia. Raheli akasimama.

"Mwalimu, naomba niwe mkulima."

"Mbona unaogopa? Ni mchezo tu. Kaa."

Hakusema nyumbani. Alijifunza maneno yake akichota maji, akayajua yote. Siku yenyewe walimfunga mto tumboni, wakamvika koti la mwalimu. Wanakijiji walijaa uwanjani: wazee kwenye mabenchi, akina mama chini kwenye nyasi, viongozi kivulini. Uwanja ule ulikuwa umechongwa ubavuni mwa mlima, na ukingo wake ulishuka moja kwa moja kwenye matuta ya viazi.

Raheli alitembea katikati, kitambi mbele. "Mimi ni mnyonyaji," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Nyinyi mnalima, mimi ninashiba."

"Sauti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Mimi ni mnyonyaji!" akarudia.

Watu wakacheka. Si kwa ubaya wote. Mto ulikuwa umeteremka upande. Lakini kichekesho kikubwa kilikuwa kingine, nacho kila mtu alikijua, na vichwa vilianza kugeuka kumtafuta Danieli. Alikuwa amesimama karibu na ukuta wa darasa, kofia mkononi. Alisimama hivyohivyo, akitazama mbele kama aliye kanisani.

Wakulima wakaingia na fimbo, Yunis akiwa mbele akiimbisha. Katika mazoezi fimbo zilikuwa zinapiga ardhi. Sasa zilimpiga miguuni, mgongoni, kwenye mto. Raheli akarudi nyuma, akarudi tena. Alimtafuta Secilia kati yao akamwona, fimbo mkononi, akiimba, macho yameganda. Hatua iliyofuata haikukuta ardhi.

Alianguka kwenye matuta ya chini akiwa ametanguliza mkono wa kulia. Uwanja mzima ukapiga makofi. Walidhani mchezo ndivyo ulivyotungwa, mnyonyaji anatupwa bondeni. Makofi yaliendelea na wimbo ukaendelea, mpaka Klara alipoinuka kwenye nyasi akakimbia, khanga ikimwanguka, akipiga kelele kwa Kishambaa.

Mkono ulivunjika kwenye kiwiko. Walimpeleka hospitali kwa gari la mboga, ukafungwa plasta, na plasta ilipotolewa mkono haukunyooka tena. Mwalimu Leonard alikuja nyumbani na mkate, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema amesikitika sana. Akauliza kama kuna lolote analoweza kufanya. Danieli alimshukuru kwa kuja. Mwisho wa mwaka mwalimu alihamishwa kurudi Tanga. Yunis alifaulu vizuri mwaka uliofuata, akachaguliwa kwenda sekondari, na mama yake alilia kwa furaha kanisani. Na nani angemnyima furaha hiyo?

Secilia alikuja mara moja, na plamu kwenye kikapu. Raheli alikuwa amelala amegeukia ukuta. Secilia alisimama mlangoni, akasema, "Nimekuletea hizi." Akaziweka chini akaondoka, na hawakuonana tena wakiwa watoto.

Raheli alikataa kurudi shuleni. Alibembelezwa, akatishwa, akaombewa na mchungaji. Mwishoni wakampeleka kwa shangazi yake Efrazia, aliyekuwa mchuma chai Kwamkoro, ng'ambo kule, juu ya Muheza. Huko hakuna aliyemjua. Shangazi alimshonea sare, akamshika mkono mpaka mlangoni mwa darasa, akamwacha hapo.

Mwalimu wa huko alikuwa mama mpole. "Karibu, Raheli. Waambie wenzako unatoka wapi, na baba yako anafanya kazi gani."

Darasa zima likageuka kumtazama. Raheli aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

"Sina baba," akasema.

"Pole sana, mwanangu. Kaa pale."

Basi akakaa, na watoto wakamhurumia, wakampa nafasi, hata wakamchukulia madaftari kwa sababu ya mkono wake. Ulikuwa uongo uliomlisha vizuri.

Danieli alikuja Jumapili moja bila kutuma habari. Alipanda basi mpaka Mombo, akapanda jingine mpaka Muheza, akadandia lori la chai, na gunia dogo la viazi begani. Alimkuta Raheli nje ya nyumba ya shangazi, akiwa na wasichana watatu wa darasa lake, wanasukana.

"Raheli," akaita, na uso wake, ule usiocheka ovyo, ukafunguka.

Raheli aliinuka. Wasichana wakainuka naye. "Shikamoo," wakasema wote pamoja, na Raheli miongoni mwao.

"Marahaba, wanangu."

"Huyu ni nani?" mmoja akamnong'oneza Raheli, lakini si kwa sauti ya chini ya kutosha.

Raheli aliangalia gunia. "Ni mtu wa kijijini kwetu," akasema.

Danieli alisikia. Akashusha gunia polepole, akalisimamisha vizuri lisianguke.

"Ndiyo," akawaambia wasichana. "Mimi ni jirani yao. Nilikuwa napita tu, mama yake akanituma nilete viazi."

Akamuuliza Raheli mkono wake unaendeleaje. Raheli akasema haujambo. Akauliza kama anasoma vizuri, naye akasema anasoma. Hakuna aliyemkaribisha ndani, maana shangazi alikuwa kanisani, na Danieli akasema lori halimngoji mtu. Akaiweka kofia yake kichwani, akashika njia ya kushuka katikati ya chai.

Raheli akakaa tena chini, akageuza kichwa ili amaliziwe nywele.

"Mbona unatetemeka?" mwenzake akamuuliza. "Tulia, nitakukosea njia."