Mashine Ni Nzima

Ofisi ya meneja ilikuwa ghorofa ya pili, na ngazi zake zilikuwa ishirini na mbili. Fundi vioo alizihesabu moja baada ya nyingine kwa mtikisiko uliompiga kiunoni, maana alizipanda akiwa mgongoni mwa mdogo wake, miguu ikining'inia kama mikono ya shati lililoanikwa. Katika ngazi ya kumi na tano mdogo mtu alisimama kuvuta pumzi.

"Kaka, siku hizi unakula mawe?"

"Panda wewe. Tukichelewa watasema hatukuja."

Kwa miaka kumi na minane alikuwa amepanda majengo marefu kuliko hilo bila kutoka jasho, ndani ya kikapu cha chuma kinachonyanyuliwa na mkono wa mashine, akipachika vioo mahali ambapo ngazi haifiki. Vibarua walimwita Kipanga. Siku arobaini zilikuwa zimepita tangu kikapu kilipomtupa chini.

Meneja aliinuka kumpokea. Alikuwa mdogo kwa umri, mwenye sauti ya taratibu, mwepesi wa kutoa pole. Msimamizi wa mafundi alisimama dirishani, amewapa mgongo.

"Karibu, mzee wangu. Pole sana. Keti."

Mdogo wake alimketisha, akamweka miguu sawa, mmoja kisha wa pili, halafu akasimama nyuma ya kiti.

"Jambo lenyewe ni dogo," alisema meneja. "Watu wa bima wanataka maelezo ya siku ile. Tumekwisha kuyaandika ili tusikuchoshe. Imebaki sahihi yako tu."

Fundi aliisoma karatasi polepole, kidole kikifuata mstari. Ilieleza kwamba mashine ilikuwa nzima. Kwamba fundi alipewa mkanda wa usalama, akaufungua kwa hiari yake. Kwamba aliegemea nje ya kikapu, kinyume cha maelekezo aliyopewa.

"Mkanda sikupewa, bosi. Mikanda yote imo katika kabati lako. Huwa tunaivaa siku ya mkaguzi. Tukishapigwa picha, tunairudisha."

Msimamizi alikohoa.

"Na gurudumu la kulia lilikaa juu ya mtaro uliofukiwa jana yake. Udongo ukazama, mashine ikainama. Kengele ilipaswa kulia na kuuzuia mkono usipande tena. Haikulia, kwa sababu waya wake ulikatwa."

"Ulikatwa na nani?"

Fundi alitazama dirishani. Mgongo wa msimamizi haukutikisika.

"Anajulikana."

Meneja hakubisha. Alivuta droo, akatoa daftari la ukaguzi wa kila siku, akaligeuza limwelekee fundi.

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Nisomee."

"Tarehe kumi na nane. Mashine ni nzima."

"Siku uliyoanguka. Asubuhi umeikagua, umeridhika, umetia sahihi. Sasa mimi nikamwambie nani kwamba ilikuwa mbovu?"

"Teremka mstari mmoja, bosi. Tarehe kumi na tisa inasemaje?"

Meneja hakusoma. Fundi alisoma mwenyewe, kwa sauti, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Tarehe kumi na tisa mashine ilikuwa nzima, na sahihi ilikuwa yake. Ishirini, nzima. Ishirini na moja, nzima. Hivyo hivyo hadi thelathini.

"Tarehe kumi na tisa nilikuwa juu ya meza ya daktari, mgongo umepasuliwa. Niliikagua saa ngapi? Daftari hili tunalitia sahihi tarehe mosi, mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Ni amri ya hapa hapa. Muulize huyo aliyeko dirishani."

Chini, mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa ikisaga kokoto. Nyuma ya kiti mdogo wake alishusha pumzi kwa nguvu, na kwa muda huo mfupi fundi alijihisi kuwa mtu mwenye miguu yake.

Meneja alilifunga daftari. Sauti yake haikupanda.

"Kwa hiyo umekiri mbele ya mashahidi wawili kwamba umetia sahihi za uongo. Siku kumi na mbili. Hilo ni kosa la jinai, mzee wangu. Mimi nilikuwa nimelifumbia macho kwa kukuonea huruma."

Alilirudisha daftari drooni.

"Tusifike huko. Nafasi yako ipo wazi. Huyu bwana mdogo analeta barua ya maombi getini kila Jumatatu, na mashine anaijua, ulimfundisha mwenyewe. Aanze leo. Jumamosi jengo linafunguliwa, na vioo vya mbele bado."

Mikono ya mdogo wake ilikaza mgongo wa kiti. Nyumbani walikuwa watu saba, nao walikuwa wakila kwa mikono ya mke wa fundi aliyefulia watu nguo, mikono iliyokwisha kuchubuka hadi viwikoni.

"Kwa mashine ile ile?" aliuliza fundi.

"Ile ile. Imetengenezwa."

"Na kengele?"

"Imerudishwa."

"Nataka niisikie kwa masikio yangu. Na mkanda auvae mbele ya macho yangu. Hapo ndipo nitatia sahihi."

"Ni haki yako," alisema meneja, kwa wepesi uliomtia fundi mashaka.

Wakateremka. Mashine ilikuwa imeegeshwa uwanjani, imeoshwa, inang'aa. Msimamizi alibonyeza kitufe cha majaribio na kengele ikapiga yowe hata vibarua wakaziba masikio.

"Mama Mkwe karudi!" alipaza sauti mmoja wao. "Tumekwisha!"

"Tena karudi na mizigo yake yote!"

Wakacheka. Mkanda uliletwa kutoka kabatini. Fundi aliukagua mshono kwa mshono, akaivuta ndoano mara tatu. Kisha akaiweka karatasi juu ya goti lake, akatia sahihi, na goti halikuhisi uzito wa karatasi wala ncha ya kalamu. Meneja aliipuliza wino ukauke, akapanda nayo juu.

"Njoo hapa," fundi alimwambia mdogo wake, akamfunga mkanda mwenyewe, kifuani na mapajani. "Ndoano kwanza, kitufe baadaye. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

"Usikanyage reli ya kikapu hata kidogo. Kioo kikikushinda, kiache kivunjike. Na Mama Mkwe akilia, unafanyaje?"

"Nashuka."

"Hata msimamizi akitukana?"

"Atukane tu. Kwani matusi yanaua?"

Kikapu kilipanda na kioo cha kwanza kikapachikwa vizuri. Cha pili vilevile. Fundi alikuwa ameketishwa juu ya ndoo iliyofunikwa, ameegemea nguzo, macho yake hayabanduki magurudumuni. Kioo cha tatu kilikuwa cha ghorofa ya nne. Kikapu kilipofika usawa wa ghorofa ya tatu, gurudumu la nyuma lilididimia kiasi cha upana wa kidole. Kengele ikalia. Mkono wa mashine ukakwama.

Fundi alijikuta akitabasamu. "Inafanya kazi!" alipaza sauti. "Shuka! Shuka, isogezwe penye zege!"

"Kuisogeza ni nusu siku," alisema msimamizi. Alisema bila hasira, huku akitazama saa yake.

Vibarua walikuwa wameambiwa kwamba hakuna atakayetoka getini kabla ya vioo vya siku hiyo kuisha.

"Mnyamazishe huyo mama!"

"Bwana mdogo, tutalala hapa kwa ajili yako?"

"Mwache, anamwogopa mkwe!"

Msimamizi hakuungana nao. Aliinua mkono wake wa kulia juu ya kofia za watu, akanyoosha vidole viwili, akavifumbua na kuvifumba kama makasi.

Mdogo mtu alimtazama msimamizi, kisha akamtazama kaka yake. Fundi alikuwa akitikisa kichwa, akipiga kelele ambazo hazikuweza kuvuka sauti ya kengele. Kijana aliinama kukifikia kisanduku chenye waya wa kengele, kilichokuwa upande wa pili wa kikapu. Kamba ya mkanda ilimvuta nyuma. Akajaribu tena, ikamvuta tena. Akaifungua ndoano.

Kengele ilikatika katikati ya yowe lake.

Vibarua walishangilia kwa makofi, wengine wakarusha kofia juu. Mkono wa mashine ukazinduka, ukaendelea kupanda, umeinama kidogo kuelekea barabarani, na kamba ya mkanda ikining'inia nje ya kikapu. Fundi alishika nguzo kwa mikono miwili, akajivuta kwa nguvu zake zote ili asimame. Ndoo ikapinduka, akabaki amelala chali kwenye kokoto. Kutoka hapo alimwona mdogo wake, mdogo kabisa juu kule, ameinama juu ya reli akimtafuta kati ya kofia za watu. Alipompata, alimwonyesha dole gumba, usoni ana furaha ya mtu anayesubiri kusifiwa.