Msaragambo wa Kumpokea Mtaalamu

Baragumu lilipolia hapa Chome tulitoka na majembe, kama desturi yetu Wapare. Msaragambo hauna mshahara, na asiyetoka anapigwa faini. Safari hii tulichimba barabara ili gari la mtaalamu wa ajira liweze kupanda. Alitumwa na mradi wa nchi jirani zilizokubaliana kufuata sera moja ya ajira kwa vijana.

Alishuka na viatu vyeupe. Mpwa wangu Sifael, fundi mwashi asiye na kazi, akamuuliza, "Soko la ajira likiwa moja, naweza kwenda kujenga Kenya?"

"Soko liko wazi," alijibu. "Ila kibali cha kazi utaomba hukohuko."

"Sasa liko wazi kwa nani?" nilifoka.

Akacheka, akatupiga picha na majembe yetu, akateremka kwa barabara yetu.

Wiki iliyofuata tukamsikia redioni. Alisema Chome imetimiza lengo la nchi zote, kwa kuwa vijana wake wameajiriwa kujenga barabara. Sifael alikuwa jikoni kwangu akingoja uji.

Jana mwenyekiti wa kijiji alikuja mwenyewe. Mvua imekata barabara, na mtaalamu anarudi na wakubwa zake kuziona hizo ajira.

"Mama Agape, kesho nyumba hii itoke yote na majembe."

"Waite wale walioajiriwa," nikamwambia, nikafunga mlango.