Kungoja Kamera Zizimwe

Dalali aliyetuuzia nyumba alisema kutoka hapa hadi mjini ni pua na mdomo. Yeye alikuja na gari, bila shaka. Basi halifiki huku, na hata kufuata mkate dukani kunataka petroli.

Kisha serikali ikafunga kamera barabarani: ukipita na gari saa za msongamano, unakatwa hela. Redioni walisema lengo ni watu waache magari wapande basi. Basi lipi? Nilimuuliza mtangazaji nikiwa jikoni, naye akaweka muziki.

Mume wangu ni fundi wa lifti mjini, na lifti hazijui Jumapili. Kama wanaume wote wa mtaa huu, alijifanya mjanja. Alfajiri anapita kabla kamera hazijawashwa, jioni anaegesha kando ya barabara, hatua chache kabla ya kamera, akingoja zizimwe usiku. Wako wengi pale. Wanacheza drafti juu ya boneti, wananyoana ndevu, na mmoja ameanza kuuza chai. Nilimwambia wahamie huko moja kwa moja, akacheka. Mimi sikuwa natania.

Maana nyumbani kuna mama yake. Kumbukumbu zinamtoka, na mtu pekee aliyebaki kichwani mwake ni huyo mwanawe. Hali chakula ila kwa mkono wake. Mimi ananidhania msichana wa kazi. Nimezoea, ingawa inaniuma. Kila jioni anakaa na njaa akitazama mlango, chakula kinapoa, mwishowe usingizi unamchukua. Nimebembeleza, nimefoka, nimelia. Anazidi kukonda tu.

Juzi daktari alituambia wazi kwamba asipokula tutampoteza. Mume wangu akasema liwalo na liwe, atalipa. Jana akapita chini ya kamera jua likiwa bado linawaka. Akaingia, akanawa mikono, akachukua bakuli, akapiga magoti mbele ya mama yake.

Mama alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni, akafumba mdomo.

"Mama, ni mimi."

"Mwanangu huja giza likishaingia," mama alisema. "Weka tu hapo, baba. Atanilisha akija."

Mume wangu aliweka bakuli mezani, akatoka, akaketi ndani ya gari pale uani, akaanza kungoja giza.